Mfupa, unyayo na swali tunalouliza

Nimewasikia mara nyingi watu wenye elimu wakidai kwamba nadharia ya kisayansi isiyo na ushahidi wa moja kwa moja ni dhana tu, kwa kuwa hakuna aliyeliona jambo lenyewe likitokea. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko Laetoli, kusini mwa Olduvai, nchini Tanzania.

Mwaka 1974, huko Hadar nchini Ethiopia, yalipatikana mabaki ya zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyepewa jina la Lucy, aliyeishi takriban miaka milioni 3.2 iliyopita, na umbo la nyonga na goti lake likawaonyesha watafiti kwamba alitembea wima. Miaka minne baadaye, kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilikuta Laetoli nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa na kisha kuwa magumu, ambazo kisigino chake kimedidimia na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine. Sasa, upi kati ya hivi ndio ushahidi wa moja kwa moja? Mfupa ni sehemu ya kiumbe mwenyewe, lakini mwendo wake tunaujua kwa kulisoma umbo. Unyayo si kiumbe, lakini ni alama ya mwendo wenyewe. Anayeuliza zamadamu alitembeaje atajibiwa na unyayo, ilhali anayeuliza alikuwa nani hana budi kurudi kwenye mifupa, yakiwemo mataya yaliyofukuliwa hapohapo Laetoli. Kwa hiyo ukaribu wa ushahidi hutegemea swali, na naona ni kosa kubwa kuwafundisha wanafunzi kuupanga kwa madaraja kabla ya kuwauliza wanataka kujua nini.

Umri wa nyayo hizo, miaka milioni 3.66, nao haukushuhudiwa na yeyote aliyekuwapo akihesabu miaka. Umetokana na kupima jinsi potasiamu iliyomo katika majivu inavyogeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana.

Wala kuona kwa macho hakutoshi. Nyayo tano zilizogunduliwa mwaka 1976 katika sehemu nyingine ya Laetoli zilionekana wazi, na bado wapo wataalamu waliodhani ni za dubu. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, zikalinganishwa na nyayo za dubu, za sokwe na za binadamu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukahitimisha kwamba aliyezikanyaga alikuwa zamadamu.