Sindano za Kichina nilizikimbia Unguja, nikazikuta Hamburg

Kiuno kiliponishika kazini, ghalani hapa Hamburg, nilidhani daktari atanichoma sindano ya maumivu, yaishe. Akaniandikia karatasi: fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, mara 6. Bima ndiyo hulipa. Mgonjwa huchangia asilimia 10 ya gharama na yuro 10 za ile karatasi.

Siku ya kwanza nikavua shati, nikalala kifudifudi kusubiri kukandwa. Dada wa watu, mtaalamu mwenyewe, akacheka. Alitaka kwanza kujua maumivu yameanza lini, yanashuka mguuni au la, kuna ganzi, nalalia ubavu gani. Kisha niinuke, niiname, nisimame kwa mguu mmoja. Katika dakika 20, mikono yake ilinigusa labda 5. Zilizobaki nilitoka jasho mwenyewe, na juu yake nikapewa mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Nilitoka nimenuna. Kwetu mkandaji huja na mafuta yake ya simsim, na haondoki mpaka usingizi ukuchukue!

Lakini wiki ya tatu nilifunga kamba za viatu bila kuguna. Kwa hili nakubali tunakosea: tunataka tupone tumelala.

Kwa sindano za Kichina, hapo Wajerumani wasinitambie. Maumivu ya kiuno, au ya goti lililosagika, yakipita miezi 6, bima za umma hapa hulipia tiba ya sindano ya Kichina, tangu 2007. Sindano nyembamba kama unywele, haina dawa ndani, hukaa mwilini kama nusu saa. Unahisi uzito fulani, si uchungu. Ukinywa dawa za kulainisha damu, au una mimba, sema kabla. Na cha kuchekesha, utafiti wao wenyewe wa kiuno ulionyesha kwamba waliochomwa mahali pasipostahili walipata nafuu karibu sawa na waliochomwa penyewe, na makundi yote mawili yakawapita waliopewa tiba ya kawaida.

Mwenzangu kazini ananisimulia haya kama kitu kipya. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu miaka ya 1960! Mama alichomwa goti nikiwa mdogo, mimi nikakimbilia nje.

Juzi nimempigia kumwelekeza zoezi la goti: kaa kwenye kiti, nyanyuka bila kushika kitu, mara 10. Akaniuliza kama huyo mtaalamu wangu amepata kuzihesabu rakaa 17 za kila siku.