Kedleston: zunguka nyuma kabla hujaisifu

Picha nyingi za Kedleston Hall hupigwa upande wa kaskazini, penye baraza la nguzo sita. Ni baraza zuri, lakini kwa maoni yangu huo ndio upande wa kawaida kuliko yote katika nyumba hii ya kifahari ya Derbyshire, Uingereza. Baraza la nguzo lenye pembetatu ya mawe juu yake lilishazoeleka Uingereza kabla mwenye nyumba, Sir Nathaniel Curzon, hajaanza kujenga mwaka 1759. Thamani ya Kedleston iko ndani na nyuma, na hiyo ni kazi ya msanifu Robert Adam.

Wasanifu watatu walipokezana. Matthew Brettingham alitoa mpango wa awali: jengo kuu katikati, mabawa manne kwenye pembe, na vijia vya kupinda vya kuyaunganisha. Akaja James Paine, na uso wa kaskazini kwa sehemu kubwa unafuata mchoro wake. Adam alikuwa amerudi kutoka Italia mwaka 1758. Alianza na kazi za bustani, kisha akakabidhiwa nyumba nzima. Kurithi ramani ya mwenzio ni kazi ngumu, kwa sababu mpangilio umeshafungwa. Adam alihamishia akili yake kwenye kimo cha vyumba, mwanga wake na namna kimoja kinavyokupeleka kwa kingine.

Ingia ukumbi wa kwanza. Kuta zake hazina madirisha. Mwanga wote unashuka kutoka paani. Kuna nguzo 20 za alabasta iliyochimbwa Nottinghamshire, jimbo jirani, kila moja ikiwa na kimo cha futi 25, yaani mita 7.6 hivi. Ukizisogelea utaona mishipa ya jiwe ikipita bila mpangilio, na kwa mwanga wa juu hakuna nguzo mbili zinazofanana. Alabasta ni aina ya jasi. Ukucha unaweza kuikwaruza, na maji huiyeyusha polepole. Ukiisimamisha nje, mvua ya Uingereza itaila mpaka michoro ipotee. Hata ndani haifai kusuguliwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mng'aro wake hufifia.

Kwenye vipimo vya nguzo ndipo wanaoiga nyumba hizi hukosea zaidi. Nguzo ya mtindo wa Korintho, yaani wa Kigiriki wenye majani yaliyochongwa kichwani, kama hizi za ukumbini, huwa na kimo cha takriban mara 10 ya kipenyo chake cha chini, na juu yake lazima ilale boriti nzito ya mawe. Hupungua unene kidogo kidogo kuelekea juu, kwa mkunjo mwepesi sana. Ukiichonga kwa mstari ulionyooka, jicho huiona kama imebonyea katikati. Ukifanya nguzo nyembamba na boriti hafifu, hata marumaru ghali haitaliokoa jengo.

Kutoka ukumbini unaingia chumba cha duara kilichofuata mfano wa Pantheon, hekalu la kale la Roma, chenye kuba lililojaa vishimo vya pembe nane. Pantheon ina kipenyo sawa na kimo chake, kama mita 43. Cha Kedleston kina kipenyo cha futi 42 (mita 12.8 hivi) na kimo cha futi 62 (mita 18.9 hivi), hivyo hakikukumbatii kama Pantheon; kinakuvuta macho juu. Mimi napenda hivyo, kwa kuwa umetoka kwenye ukumbi mrefu na mwili unadai mabadiliko. Adam hakutaka kuvunja duara kwa meko, akaficha majiko ya chuma ndani ya vishubaka, yakiwa na umbo la madhabahu za kale.

Sasa toka, zunguka kusini. Adam alichukua Tao la Konstantino, lango la ushindi la kale la Roma, lililokamilika mwaka 315, akalifanya uso wa nyumba. Nguzo nne zimesimama mbali kidogo na ukuta, kila moja na kipande chake cha boriti na sanamu juu. Hazibebi paa. Kazi yake ni kutupa vivuli ukutani, na chini yake ngazi za kupinda zinateremka hadi kwenye nyasi. Adam alitaka jengo lipande na kushuka, litokeze na kurudi ndani, na hapa alilipata kwa vitu vichache mno.

Mabawa mawili ya kusini hayakujengwa kamwe. Wengi huona ni hasara. Mimi naona ni bahati, kwa sababu yangeuminya uso huu kutoka pande zote mbili. Aliyetaka kuona mabawa yote manne aende Kolkata, India, kwenye ikulu iliyokamilika mwaka 1803 kwa kufuata mfano wa Kedleston. Kule yana maana nyingine kabisa: nafasi kati ya bawa na bawa huruhusu upepo kufika vyumbani kutoka kila upande, jambo ambalo Derbyshire, kwa baridi yake, hakuna aliyelihitaji.