Kwa Nini Tufundishwe Kirusi kwa Kiingereza?

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusomea udaktari Urusi, na wazazi wake wamemlipia darasa la Kirusi hapa Kisumu ili asifike huko akiwa bubu. Juzi nilimwomba anionyeshe anachofundishwa. Akanitolea karatasi za fotokopi: upande mmoja sentensi za Kiingereza, upande wa pili Kirusi kilichoandikwa kwa herufi zetu hizi za ABC, tena kwa tahajia ya Kiingereza. Herufi za Kirusi hakuna hata moja, na darasa limeshafika katikati. "Mjomba, tumeambiwa herufi tutajifunzia huko huko." Nilikasirika, na bado sijatulia. Shemeji yangu aliuza ng'ombe kulipa hiyo karo.

Herufi zenyewe ni 33. Kijana mwenye bidii anazimudu kwa siku chache, na kila siku anayosoma Kirusi bila hizo anajipa kazi ya kufuta baadaye.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kile Kiingereza. Mji huu unajuana na Warusi tangu zamani. Hospitali ya Jaramogi ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa 1969, na mpaka leo ukimwambia makanga unashuka Russia, yaani hospitalini hapo, hakuulizi swali. Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe aliwasaidia vijana wetu kwenda kusoma kwa Wasovieti miaka ya 1960, wakati chuo cha Lumumba kule Moscow kilikuwa bado kichanga. Baada ya miaka yote hiyo, mtoto wa Nyanza bado anafundishwa Kirusi kana kwamba alizaliwa London.

Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi wa kwetu aingie Kirusi akitokea Kiswahili. Vitabu vilivyoandikiwa Waingereza hutumia kurasa na kurasa kuwaeleza mambo ambayo sisi tunayafanya tangu utotoni. Vile vineno vinavyotangulia nomino katika Kiingereza, a na the, Kirusi hakina, na sisi hatuna. Я студент: mimi mwanafunzi. Basi, sentensi imekamilika.

Chukua upatanisho wa kisarufi. Большой дом, большая книга, большое окно: nyumba kubwa, kitabu kikubwa, dirisha kubwa. Mtu aliyekua akisema mti mkubwa, kitabu kikubwa, jiwe kubwa atashtuka nini? Nomino za Kirusi zina makundi matatu, machache kuliko ngeli zetu, na mara nyingi kundi unalijua kwa kutazama mwisho wa neno: konsonanti ni la kwanza, а au я la pili, о au е la tatu. Yanayoishia kwa ь, alama ya kulainisha konsonanti, ndiyo ya kukariri.

Halafu kuna zile hali sita za nomino, yaani mwisho wa neno kubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, ambazo huwafukuza watu darasani. Ni ngumu, sikatai, na zitakula muda wako. Lakini kwa nini mwalimu asianze na meza? Стол, на столе. Meza, mezani. Школа, в школе. Shule, shuleni. Mrusi anaongeza kihusishi mbele, на au в, lakini jambo la msingi, kwamba mwisho wa neno hubadilika kueleza mahali, mwanafunzi wetu analo tayari anaposema sokoni, shambani, hospitalini. Akishaliona hapo, hali nyingine anaziendea bila hofu.

Vitenzi pia. Я читал книгу, я прочитал книгу. Kwa Kiingereza nimeona watu wakizunguka somo zima kueleza tofauti hiyo. Mweleze Mkenya kwamba ya kwanza inakaribia nilikuwa nikisoma kitabu, na ya pili ni nilikisoma nikakimaliza. Hazilingani kila mahali, lakini kwa kuanzia zinatosha kabisa. Na sauti: нет (hapana) huanza na ileile ny ya Nyanza, na чай ni chai, kwa sauti na kwa maana.

Kuna mahali Kiswahili kitakuangusha, na lazima mwalimu aseme wazi. Mkazo wetu hukaa pale pale, silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kirusi huhamahama, na о isiyo na mkazo husikika kama a, hivyo молоко (maziwa) hutamkwa malako, mkazo mwishoni. Ulimi wetu pia unataka irabu kila baada ya konsonanti, kwa hiyo встреча (vstrecha, mkutano) itakusumbua. Dawa yake ni kusikiliza Warusi wakiongea na kurudia kwa sauti, kila siku, kabla ya kusoma lolote.

Programu za simu na video za Kiingereza? Haya, zitumie kwa msamiati, kwa kuwa kwa Kiswahili bado tuna vifaa vichache.

Na mwandiko wa mkono, jamani. Mwaka wangu wa matayarisho kule Voronezh, Urusi, mwalimu wetu aliandika ubaoni, nusu ya darasa ikakodoa macho. Т ya mkono inafanana na m, д na g, п na n, и na u. Aliyezoea herufi za kitabuni peke yake hasomi kitu, na mwaka huo ukiisha anaingia kwenye mihadhara ya anatomia kwa lugha hiyohiyo.

Warusi upande wao walishafanya kazi. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wa Olderogge, msomi wao wa lugha za Afrika, ilitoka Moscow mwaka 1961, na Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vyao. Sisi tuliosoma huko tuko wengi kuanzia Kisumu hadi Kakamega, madaktari, wahandisi, walimu. Tuandike kijitabu cha Kirusi cha wanaoanza, kwa Kiswahili, chenye sehemu ya mwandiko wa mkono. Sehemu ya upatanisho na hali za nomino nimeshaanza kuiandika. Natafuta mtu wa matamshi, anayeweza kurekodi sauti, na daktari wa kutuchagulia maneno ya anatomia ambayo mwanafunzi hukutana nayo mwanzo kabisa.