Nakumbuka kama jana: tumwamini anayesema hivyo?

Usiku wa Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kwenye televisheni kifo cha Rais John Magufuli. Muulize Mtanzania alikuwa wapi, atakujibu papo hapo: aliketi na nani, nani alipiga simu, nani aliangua kilio.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, walipendekeza kwamba ubongo ukishtuka huhifadhi tukio zima kama picha. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa jinsi watu walivyokumbuka saa ile waliyosikia kwamba Rais Kennedy wa Marekani ameuawa mwaka 1963. Walikuta pia kwamba kifo cha Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, kilikaa hivyo zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko weupe, na hapo nawakubalia bila ubishi: msiba humkaa aliyefiwa. Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alipojiuzulu mwaka 1990, karibu mwaka mmoja baadaye asilimia 86 ya Waingereza waliohojiwa walikuwa na kumbukumbu kamili za namna hiyo, dhidi ya asilimia 29 ya wasio Waingereza.

Tatizo la Brown na Kulik ni kwamba hawakuwa na cha kulinganishia. Wanasaikolojia wengine, Ulric Neisser na Nicole Harsch, walikuwa nacho. Januari 1986, asubuhi ya siku iliyofuata mlipuko wa chombo cha anga cha Marekani, Challenger, waliwapa wanafunzi karatasi waandike walivyopata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Watatu tu walikuwa sahihi kwa kila kitu. Robo nzima walikosea yote. Mmoja aliyeandika kwamba alisikia darasani sasa alisimulia akiiona kwenye televisheni bwenini. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi.

Sidhani walidanganya. Televisheni ilirudia mlipuko ule mno, na picha ikachukua nafasi ya maneno ya darasani. Tangazo la Machi 2021 nalo lilizunguka kwenye simu zetu kwa wiki nzima (nani hakutumiwa?), kwa hiyo anayeapa kwamba aliliona mubashara huenda aliletewa na jirani kesho yake. Kilichotokea hakisahauliki, kinachobadilika ni namna kilivyotufikia. Na uhakika wa msimulizi haupungui hata kidogo, jambo ambalo utafiti kuhusu kumbukumbu za mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani ulithibitisha.

Kwenye matanga hilo halimdhuru mtu. Mahakamani ni habari nyingine. Katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Kesi ile ilihusu zaidi mazingira ya kuona, mwanga na umbali. Mimi ningeongeza swali moja kwa shahidi anayekumbuka kila kitu: maelezo yako ya kwanza yaliandikwa lini, na kabla ya hapo ulishayasimulia mara ngapi?