Kitabu kimoja, kelele zisizoisha

Jamani, nimechoka na ubishi wa waendesha pikipiki juu ya kitabu cha Robert Pirsig cha 1974, kile cha Zen (tawi la Ubuddha) na utunzaji wa pikipiki. Huyu analalamika: "Falsafa tupu, pikipiki iko wapi?" Kwani aliruka kurasa za mwanzo? Mwandishi mwenyewe anatahadharisha kwamba hata kwa habari za pikipiki kitabu hakina uhakika sana! Yule naye, asiyejua hata kukaza mnyororo, anakuhubiria "Ubora", ile dhana kuu ya kitabu, mpaka masikio yanauma. Si bora wabishanie kile kipande cha kopo la bia? Pirsig anataka kukazia nacho usukani wa BMW ya rafiki yake, rafiki ananuna. Utamu wote uko hapo, na hakuna anayepagusa. Nashuku wengi waliishia katikati.