Bosi Anasoma Vitabu Hamsini, Kusikiliza Sifuri

Wiki hii meneja wetu katupia kwenye grupu la kazini picha ya vitabu alivyosoma mwaka huu, vimepangwa utadhani duka, chini kaandika eti kiongozi asiyesoma si kiongozi. Watu wakamwaga makofi, na mi nikaweka langu, tutafanyaje. Mchana tukaingia kikaoni. Dada mmoja mgeni kwenye timu akaanza kueleza ripoti ya mteja imekwama wapi, hajafika hata katikati, bosi kamkata: "Sawa, ila huoni kama ungewapigia mapema?" Dada wa watu akajibu ndiyo, akafunga daftari, na mpaka naandika hapa hakuna anayejua ripoti ilikwama wapi.

Sasa mi nataka kuongelea hilo swali, maana lile si swali jamani, lile ni lawama iliyowekewa alama ya kuuliza. Unajua kabisa jibu linalotakiwa, unalitoa, mnaendelea, na tatizo linabaki palepale likiwa na afya njema. Na kinachochekesha ni kwamba kwenye ile picha kulikuwa na kitabu cha John Whitmore, kile cha 1992 cha ukocha kazini, ambacho karibu chote ni kuhusu namna ya kuuliza! Mzee Whitmore anasisitiza uulize nini, lini, nani, kiasi gani, na uwe mwangalifu na "kwa nini", kwa sababu ukimuuliza mtu "kwa nini umechelewa" hafikirii kazi tena, anafikiria kujitetea. Uliza "umefika wapi?" au "nini kimekwama?" uone mtu anavyofunguka. Halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kugumu, sekunde tano tu bosi anaona kama kikao kimekufa, anaanza kujibu mwenyewe.

Huyo Whitmore kwanza alikuwa dereva wa mbio za magari, bingwa wa Uingereza 1961 akiendesha Mini, halafu baadaye mambo ya ukocha akayachota kwa Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani. Gallwey aligundua kitu kimoja kinachowaumiza wanaopenda kuelekeza: kadiri alivyopunguza maelekezo, ndivyo wanafunzi walivyocheza vizuri zaidi. Badala ya kukwambia nyanyua mkono, kunja goti, alikuwa anakwambia useme neno moja kwa sauti mpira unapodunda na jingine unapoupiga, basi. Ukishughulika na hilo unauona mpira kweli, mwili unajirekebisha wenyewe. Kitabu chake kilitoka 1974, yaani hizi habari si mpya hata kidogo, na bado tunakaa vikaoni tunaambiwa nyanyua mkono, kunja goti.

Ndo maana nasema kitabu cha uongozi kikikuingia vizuri kinatakiwa kikupunguzie maneno. Kama umesoma vitabu hamsini na kila kikao unaongea zaidi ya kile kilichopita, ulikuwa unakusanya nukuu tu. Soma sura moja. Toa swali moja, liandike kwa maneno yako mwenyewe kwenye karatasi, maana lugha ya kitabu ukiipeleka kwa mtu mzima kazini anajua tu leo kuna kitu umesoma, anaanza kukuchekea moyoni. Kesho mkikaa wawili lijaribu. Likibuma, libadilishe, jaribu kwa mwingine. Kitabu kinakaa mezani miezi miwili, kinachafuka, na hakuna cha kupiga picha.

Na hata kukumbuka kwenyewe kunataka hivyo. Wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walifanya majaribio na wanafunzi, matokeo yakatoka 2006: baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndo waliokumbuka zaidi, ila ikipita wiki, waliofunga karatasi wakajilazimisha kukumbuka wakawaacha mbali. Waliorudia ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Siwataji watu hapa.

Haya, najua kuna watakaosema bora anayesoma kuliko asiyesoma. Sawa, nakubali, shingo upande. Muhtasari wa dakika kumi nao una faida yake, unakusaidia kujua kitabu gani usikinunue. Vitabu vya kusikiliza kwa spidi mara mbili, hapo sina neno, kila mtu na masikio yake. Riwaya ndo watu wa ofisini wanazidharau na sijui ni kwa nini, riwaya inakukalisha kurasa mia tatu ndani ya kichwa cha mtu usiyempenda na huwezi kumkata kauli hata ukitaka, zoezi gani la uongozi linashinda hilo?

Na kingine nikimaliza: hii tabia ya kumpa mfanyakazi kitabu kama adhabu. Mtu kakosea kuongea na mteja, anaitwa, anakabidhiwa kitabu cha mawasiliano, "kasome wikiendi". Wikiendi! Kama kweli kinahusu kazi, asome saa za kazi, na wewe uliyempa usome sura hiyohiyo, mkutane Jumatano, yeye aanze kuongea.