Shengena ya Chuma

Kila ninaposafiri kutoka Tanga kwenda Same hutafuta kiti cha dirishani upande wa kulia, kwa sababu ndiko iliko milima ya Upare, na katika safu hiyo kimo kilele cha Shengena, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Abiria wenzangu huona mlima, nami huwaza gari moshi.

Katika miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliziundia Reli za Afrika Mashariki injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, na kila moja ikapewa jina la mlima wa kwetu. Namba 5930 iliitwa Mount Shengena. Uzito wake ulikuwa takriban tani 250, na katika reli ya upana wa mita moja haijapata kuundwa injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda hizo. Zilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, na leo Shengena ya chuma imetulia katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, pamoja na mwenzake 5918, Mount Gelai, ambao nao ni mlima wa Tanzania. Sina kinyongo na majirani, kwani aliyetunza ndiye mwenye haki ya kujivunia. Wivu, hata hivyo, ninao.

Mama mmoja jirani yetu pale Ngamiani huniambia, "Mwanangu, mapenzi hayo ungeyatia shambani, sasa ungekuwa na minazi." Pengine ni kweli. Lakini gari moshi la mvuke halifichi kazi yake, na hilo ndilo lililoniteka. Mvuke ukishaisukuma pistoni hutolewa kwa kishindo kupitia tundu jembamba lililo chini ya dohani. Msukumo huo huvuta hewa kupitia tanuri, na hewa huuchochea moto, hata injini inapopanda mlima mkali, moto wake nao huzidi kuwaka bila ya mtu kushika mvukuto. Yale mapigo tunayoyaigiza utotoni kwa "chu-chu" ndiyo pumzi hizo, nne kwa kila mzunguko wa magurudumu katika injini ya silinda mbili. Garratt ina magurudumu yaliyogawanywa seti mbili, mbele na nyuma, kila moja na silinda zake, na boila limebebwa katikati, ili chombo kirefu namna ile kiweze kujipinda kwenye kona kama tandu.

Ndiyo maana siridhiki na injini iliyopakwa rangi ikasimamishwa bustanini. Hiyo ni maiti iliyovishwa kanzu mpya, na kwa hewa yetu ya chumvi, isipoezekewa paa, hata kanzu haidumu. Gelai ilifufuliwa mwaka 2001 ikatembea tena, na afadhali moja ya namna hiyo kuliko kumi zilizonyamaza. Tanga, ambako reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, inastahili injini moja, hata ndogo, inayoweza kwenda Muheza na kurudi ikitoa mvuke.

Chuma, hata hivyo, kinaweza kusubiri. Wasioweza kusubiri ni wazee waliosafisha mabomba ya boila na kuchoma mafuta mazito tanurini, kwa kuwa ujuzi wao haumo katika michoro ya kiwandani. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi wa karakana, aliweza kuitambua vali inayovuja kwa kusikiliza tu lile pigo moja kati ya manne lililolegea. Nilipopata wazo la kumwendea na daftari, tulikuwa tumeshamzika miezi mitatu. Rafiki yake mmoja yuko Muheza, naye hapendi mazungumzo ya simu, kwa hiyo Jumamosi nitakwenda mwenyewe.